Vile neno "kibudu" lilifukuza kuku wazima Malaba

Wakuu, habari za kwenu. Hii ya Malaba niliiona kwa macho yangu, na chumvi sitaongeza.

Ni mwisho wa miaka ya tisini. Redio ilisema huko Hong Kong homa ya kuku imeingia kwa watu. Na huku kwetu, Chakol mpaka Malaba, kuku zilikuwa zinakufa ovyo. Pengine ilikuwa kideri tu, ule ugonjwa wa kuku wa siku zote. Mimi sikusoma, siwezi jua.

Afisa wa public health akaita baraza. Kijana wa Pwani, Kiswahili yake tamu mpaka unasahau anasema nini. Akatuonya: "Msile kibudu. Wala msikiguse kwa mikono mitupu."

Tukapiga makofi.

Sasa kibudu ni nini? Waislamu wa Busia town wangetuambia, lakini hawakuwa pale. Sisi tulijua tu kuna Buddu, huko Masaka, Uganda. Basi kibudu ni kuku ya Buddu. Si Kiganda ni ya Waganda?

Aliyeumia ni Mama Nakato. Huyo mama alikuwa anavusha kuku za kuuza kutoka Tororo, hapo tu ng'ambo ya mpaka, na watoto wake walikula kwa hiyo biashara. Soko yote ikamkataa. Kuku zinahema kwa kapu, jua kali, na mzee Okisai mwenye hoteli anamwambia, "Mama, rudisha kibudu zako kwenu."

"Ssebo, bwana wangu, Masaka mimi sijawahi kufika," mama akajibu.

Okisai mwenyewe alikuwa ananyonyoa kuku zake zilizokufa asubuhi. Supu ya wateja hiyo. (Chapati zake lakini zilikuwa serious, sitamnyima haki yake.)

Afisa akapita. Akasimama. "Mzee, si nilikataza kibudu?"

"Hii ni ya hapa nyumbani, boss. Imejifia tu."

Afisa akakaa kwa benchi. Akatueleza upya, polepole: kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Okisai azike zote, anawe na sabuni. Akaangalia na kuku za mama. Nzima.

Wateja wana njaa. Okisai akamwendea Mama Nakato, sauti imeshuka, anauliza kuku.

"Kuku sina, ssebo," mama akasema. "Niko na kibudu tu."

Ilibidi Okisai aombe kibudu kwa jina, mbele ya watu, ndio kapu ikafunguliwa.

Mimi nilijifunza hivi: ukionya watu, waulize wamesikia nini. Makofi si jibu.

Kwenu kuku ikijifia mnaiitaje? Andikeni hapo chini, nisome.