Kimeo Changu Hakikuwa na Kosa

Naitwa Kabula, mwimbaji. Watu wa Kahama, Kharumwa na machimbo ya Geita wananifahamu bila kuelezwa. Ninyi wengine niwaambie tu kwamba nilikuwa naimba vizuri sana. Sijisifu. Au basi, najisifu kidogo, kwa sababu mtu aliyekaribia kupoteza kitu ana haki ya kukisifia akikipata tena.

Naimba soul, zile nyimbo za taratibu zinazotoka tumboni. Nilipohama kwaya na kuanza kuimba kwenye ukumbi mdogo nyuma ya stendi ya Kahama, watu walinicheka. Walisema huku watu wanataka muziki wa kuruka, nani atakaa kumsikiliza mwanamke analia kwenye kipaza sauti? Mume wangu, Shija, alikuwa anapiga gitaa nyuma yangu, akaniambia nisiwajibu. Nikachanganya Kiswahili na Kisukuma, nikaimba habari za watu wa hapa hapa. Waliokuja kucheka walirudi na wake zao.

Baada ya hapo tukawa tunaitwa kila mahali. Siku za mnada, siku za harusi, viwanja vya mpira. Wanawake walikuwa wanatandika kanga nikanyage nikipanda jukwaani. Wachimbaji walikuja na matope yao kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wanasimama mbele kabisa wamefumba macho. Kulikuwa na baba mmoja mnene ambaye kila mara alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Siku moja nikamwomba kwenye kipaza sauti angalau asubiri ubeti wa kwanza. Alicheka, kisha akalia vile vile.

Sasa huku kwetu wimbo ukiwagusa watu, makofi hayatoshi. Wanataka urudie. Uwanja mzima unasema, "Rudia, rudia," na wewe unarudia. Ukikataa unaambiwa unaringa, umesahau ulikotoka. Mimi sikuwahi kukataa. Nilikuwa na wimbo mmoja unaopanda juu sana mwishoni, na pale juu ndipo walipopapenda. Kuna siku niliurudia mpaka Shija akaanza kuharakisha gitaa ili tumalize.

Koo langu liliharibika mchana, kwenye machimbo fulani upande wa Geita. Jenereta ilizimika katikati ya wimbo, maspika yakafa. Watu walikuwa wengi na walikuwa wametoka mbali. Nikaendelea kuimba bila kipaza sauti. Wakasema rudia, nikarudia. Nilipofika kule juu nilisikia kitu kimechomoka kooni, kama uzi umekatika, na mdomoni nikapata ladha ya chumvi. Nilitema mate nyuma ya jukwaa, yalikuwa na damu. Nilimwonyesha Shija.

"Tunaondoka," alisema.

"Wamesema rudia," nilimjibu, nikapanda tena.

Kesho yake sauti ilikuwa imekwaruza, nikasema ni vumbi. Ikapita wiki, nikasema ni baridi, ingawa Kahama haikuwa na baridi yoyote. Nilikunywa tangawizi, asali, limao na chumvi. Kila mwimbaji niliyemjua alinipa dawa yake. Mmoja aliniambia mayai mabichi, nikameza mayai mabichi mpaka kuku wa jirani wakawa wananikimbia. Nikiongea muda mrefu, shingo ilikaza na masikio yaliniuma kwa ndani. Lakini niliendelea kuimba, kwa sababu kila Jumamosi palikuwa na watu wanaonisubiri.

Halafu siku moja nikiwa jukwaani nikafika pale juu, nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Upepo mtupu. Watu walidhani natania. Nikajaribu tena, ukatoka mlio kama wa mlango. Hakuna aliyesema rudia. Yule baba mnene aliniangalia kwa macho makavu, na hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote.

Mjini maneno yakazagaa. Wapo waliosema nimefungwa sauti na waimbaji wenzangu. Wapo waliosema nina mimba. Shangazi yangu Nyanzobe alikuja kutoka kijijini karibu na Tinde, akaniambia nipanue mdomo, akachungulia kwa tochi ya simu.

"Ni kimeo hiki," alisema. "Kimerefuka, kinagusa koo. Kikatwe utaona."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwetu kikohozi kikikataa kuisha, kimeo ndicho mshitakiwa wa kwanza. Nimekua nikiona watoto wakipelekwa kukatwa. Shija alitaka twende hospitali kwanza. Lakini shangazi alikuwa amenilea, tena alisema mkata vimeo wa kijijini kwake humaliza kazi yake kabla uji haujapoa. Mimi nilitaka sauti yangu kabla ya Jumamosi. Nikaenda.

Mzee yule alikuwa mpole, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanikalisha kwenye kigoda. Alibana ulimi wangu kwa kijiko, akaingiza kisu kidogo kilichopinda. Nilisikia kikikata. Akanionyesha kipande, kidogo kama mbegu ya tikiti, akanipa maji ya majani nisukutue. Nilisukutua, nikatema damu. Nikasukutua tena, damu ikaja zaidi. Akasema itakauka.

Haikukauka upesi. Njia nzima ya kurudi Kahama nilikuwa natemea kwenye mfuko, na siku ya pili homa ikapanda. Koo lilivimba hadi nikashindwa kumeza mate yangu mwenyewe, yakawa yanachuruzika kama ya mtoto anayeota meno. Harufu ya mdomo wangu niliisikia mwenyewe. Shija alinipikia uji mwepesi, nikanywa, ukatokea puani. Naomba msicheke. Sawa, chekeni, hata yeye alicheka, halafu akaingia chumbani na nikamsikia akilia.

Alinipeleka kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo. Nesi aliponichungulia alikunja uso, akasema, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine." Walinilaza, wakanichoma sindano za kuua wadudu, wakanipa maji ya mshipani. Homa ilishuka, uvimbe ukapungua, nikaanza kumeza. Sauti haikurudi. Walinipa rufaa ya kwenda Mwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari mwenyewe alikuwa dada wa rika langu, mcheshi na mkali. Alinipuliza dawa ya ganzi puani, akaingiza mpira mwembamba wenye kamera, akaniambia niseme "iii". Kwenye kioo nikaziona nyuzi zangu za sauti kwa mara ya kwanza maishani. Ni vitu viwili vyeupe, vinafunguka na kufunga kama mlango wa mabati mawili. Upande mmoja palikuwa na kivimbe chekundu, ukubwa wa punje ya mchele.

"Umeshawahi kuimba ukasikia kitu kimechomoka?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Mshipa mdogo ulipasuka, ukaendelea kuimba juu yake. Ndiyo kikaota hiki. Na kimeo nani alikukata?"

"Fundi," nilinong'ona.

"Fundi wa nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole jinsi kisu kilivyopinda.

"Dada yangu, sauti inatengenezwa kule chini, kimeo kiko huku juu. Kimeo chako hakikuwa na kosa. Umekiadhibu bure."

Nilimuuliza kama nitaimba tena. Alisema, "Kuongea nakuhakikishia. Kuimba kutategemea unavyojua kunyamaza." Mimi kunyamaza nilikuwa sijawahi kujaribu.

Walinipa dawa ya usingizi, wakakitoa kivimbe kupitia mdomoni bila kunipasua shingo. Nilipoamka koo liliwaka na ulimi ulikuwa mzito. Kivimbe kilipelekwa kupimwa. Tulisubiri majibu kwa hofu kubwa, yakaja kwamba si saratani, na Shija akamkumbatia mhudumu asiyehusika kabisa.

Kisha ikaanza kazi ngumu. Nisiongee kabisa, hata kunong'ona, kwa sababu kunong'ona nako kunazikaza zile nyuzi. Nilikuwa naandika kwenye simu. Siku moja Shija akaniambia kwa upole, "Hata usipoimba tena, wewe bado mke wangu." Alikuwa na nia njema. Nilimtupia mto. Nikaandika: NITAIMBA. Akasoma, akaniletea mto wangu.

Baadaye nikafundishwa mazoezi. Napuliza mrija ndani ya glasi ya maji, maji yanachemka mapovu, huku natoa sauti ndogo ya "uuu". Watoto wa jirani walikuja kunitazama kila asubuhi. Sauti ilirudi polepole, ikiwa nzito, chini kuliko ile ya zamani. Pale juu sikupafikia tena. Nililia siku moja tu kwa ajili yake. Kisha nikakaa na Shija, tukashusha nyimbo zote, na nikagundua huku chini kuna nafasi kubwa sana ambayo sikuwahi kuitumia.

Nilirudi jukwaani Kharumwa, mchana wa mnada. Nilipomaliza mstari wa kwanza kijana mmoja alipaza sauti, "Huyu si Kabula." Nikamwambia, "Ndiye. Nisikilize vizuri." Nikaendelea. Watu wakaacha kuzungumza. Wachimbaji waliokuwa wamesimama mbele walikaa chini kwenye vumbi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipomaliza vikaja vigelegele, halafu likaja lile neno. Rudia.

Nilishusha kipaza sauti. Shija alikuwa ananiangalia, mkono juu ya nyuzi za gitaa. Nikawaambia, "Leo sirudii. Hiyo rudia ndiyo iliyonipeleka kwenye kisu." Waliguna. Mmoja akasema ninaringa. Nikawasimulia yote, damu, kimeo, uji wa puani, nikawafungulia mdomo waliokuwa mbele wakaona pengo. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni mayu, mwacheni mama wa watu, anywe maji." Nikanywa maji mbele yao wote, wakanisubiri. Nikaimba wimbo mwingine.

Nilipokuwa nashuka, mwanamke mmoja alinishika kanga. Alikuwa Mama Doto, muuza dagaa wa sokoni pale. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu. Alisema imekuwa hivyo kwa miezi, na kesho alikuwa anakwenda kukatwa kimeo.

"Kesho tunakwenda Mwanza," nilimwambia. Na tulikwenda. Yeye hakuhitaji hata kupasuliwa. Alikuwa anaita wateja kwa koo siku nzima, nyuzi zikavimba. Akafundishwa kupumzika na kuita kwa tumbo, akapewa na mrija wake.

Kwa hiyo nasema hivi, nikiwa mzima na nikiimba. Sauti ikikwaruza wiki tatu zikapita, nenda kwa daktari akaangalie kule chini. Kimeo cha mtoto wako kiache kilipo. Ukiwa shabiki, mwimbaji akikwambia inatosha, mwamini. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari mkali, na Shija, ambaye amesamehe mto. Shangazi Nyanzobe naye nimemsamehe, siku hizi ndiye anayewazuia watu kijijini wasikatwe vimeo.

Juzi nilipita soko la Kharumwa kununua dagaa. Watu walikuwa wengi, na Mama Doto alikuwa amehamia upande mwingine ambao sikuujua. Sikuhitaji kuuliza mtu. Nilimsikia kabla sijamwona.