Asali, Mayai ya Kwale na Kifua cha Binti Yangu

Tulihamia Nyakunguru kutoka Turwa wakati kila mwenye nguvu za kushika nyundo alikuwa anakimbilia huko. Mume wangu na wenzake walikuwa wamepata duara, yaani shimo lao la kuchimba, na mawe yaliyotoka humo yalikuwa na dhahabu ya kutosha kumfanya mtu aache shamba bila kuaga. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili yenye ua mpana. Ule ua ndio uliompendeza mume wangu. Mawe yangeletwa pale na kupondwa pale, naye akiyaangalia. Huko machimboni mawe ukiyaacha peke yake yanapungua.

Basi tukaishi na mawe. Asubuhi wanaume waliyavunja kwa nyundo, mchana waliyatwanga kwenye vinu vya chuma mpaka yakawa unga, kisha unga ukapelekwa mwaloni, penye maji, kuoshwa ili dhahabu itengane na mchanga. Vumbi lake lilikuwa jeupe, laini kama poda ya mtoto. Lilikaa juu ya maji ya ndoo, juu ya mashuka, kwenye kope za watu. Nilifagia, na kabla sijaweka ufagio chini lilikuwa limerudi.

Binti yetu alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza. Kiangazi kile kikamwanza kikohozi kikavu kisichotaka kwisha. Siku moja nikiwa napepeta mahindi nikasikia sauti kama filimbi, nikadhani ni watoto wa jirani wanacheza. Ilikuwa inatoka kifuani mwake. Mabega yalipanda na kushuka, na pale chini ya koo ngozi iliingia ndani kila alipovuta pumzi. Zahanati wakasema ni pumu, wakanipa vidonge, nikarudi naye nyumbani.

Ukisema mtoto wako ana pumu, kila mtu anakuletea dawa. Jirani wa kushoto alisema nimpe vitunguu vilivyopondwa na chumvi. Jirani wa kulia alisema achanjwe kifuani na kupakwa unga wa mizizi, na mganga anamjua. Muuza dawa wa mnadani aliniuzia majani makavu ya kuchoma ili mtoto avute moshi wake. Niliwasha kidogo nikavuta mimi kwanza. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikayatupa chooni. Nikaamua sitahangaika na kila anayepita. Nikatuma ujumbe Kisaka, aje mama mkwe wangu.

Alikuwa mama mfupi, mwenye mikono mikubwa, aliyelea watoto wengi na ndama wengi zaidi. Alishuka kwenye pikipiki na dumu la asali na furushi la majani na magome. Nilipiga goti kidogo nikamwamkia, shikamoo mama, naye aliitikia huku macho yake yameshaelekea kwa mtoto. Alimweka kati ya magoti yake, akabandika sikio mgongoni kwake, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia neno ambalo sijawahi kuambiwa na mtu yeyote mwenye dawa.

"Mimi si mganga. Nitajaribu ninachokijua. Kisipofaa nitakuambia hakifai."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Asali katika maji ya uvuguvugu na tangawizi ilituliza koo, mtoto akalala vizuri zaidi, lakini filimbi haikuondoka. Akasema asali ni ya kikohozi, si ya kifua, tuendelee nayo kwa sababu hiyo tu. Supu ya magome haikuongeza wala kupunguza, akaimwaga chini ya mgomba. Majani ya mkaratusi aliyachemsha, akamfunika mtoto kwa shuka juu ya sufuria ili avute mvuke, kama tulivyofanyiwa sisi wote tulipokuwa na mafua. Mtoto alianza kuhangaika humo ndani. Mama mkwe aliivuta ile shuka kwa nguvu, akambeba nje kwenye hewa, na sufuria akaimwaga yeye mwenyewe. Alisema mvuke huo unambana, tusirudie tena.

Jambo moja alilofanya lilisaidia, na halikutoka kwenye furushi. Kifua kilipoanza kubana alimketisha wima, asilale, akamwambia atoe pumzi polepole kwa midomo iliyochongoka, kama anayepoza uji wa moto. Naye alitoa pamoja naye, wakitazamana. Hofu ya mtoto ilishuka, na yangu pia. Haikuwa kuponya, lakini ilimpa nafasi.

Wakati huo huo wifi yangu alivuka mpaka kutoka Migori, alikoolewa. Ng'ambo kule mayai ya kwale yalikuwa yamewapagawisha watu. Walisema yanatibu sukari, presha, pumu na mengine ambayo hayasemeki mbele ya watoto. Wifi alikuwa amejaza kwale banda zima, na alituletea trei ya vile vijiyai vyenye madoadoa.

"Mtoi anywe mabichi kwa maziwa kila asubuhi," alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Sisi huko tumeona watu wamepona, wallahi."

Mama mkwe alilishika yai moja kati ya vidole viwili, akaligeuza, akamuuliza binti yake kama amemwona yeye mwenyewe mtu aliyekuwa na pumu akapona. Wifi akasema hajamwona, ila amesikia. Mayai tukayachemsha. Mtoto aliyapenda sana kwa sababu yalikuwa ya kipimo chake, akajaza na mashavu. Kifua kiliendelea vilevile.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa siku ya kazi kubwa uani. Mawe mazuri yalikuwa yameingia na wanaume walitwanga tangu asubuhi. Mchana mtoto alikuja jikoni, akanishika gauni, akataka kuniambia kitu. Aliweza neno moja, akavuta pumzi, neno la pili halikutoka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilikimbia naye kwa mama mkwe, nikijua atamketisha wima kama siku zote. Alimtazama mara moja tu.

"Hii si ya asali," alisema. "Ita pikipiki."

Tulipanda wote watatu, yeye nyuma yangu akimshikilia mtoto katikati, mpaka kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea alikuwa kijana wa kike kutoka Singida, aliyehamishiwa kwetu na serikali. Hakuuliza maswali kwanza. Alichukua pampu ndogo ya dawa, akaichomeka kwenye tako la chupa ya maji iliyotobolewa, akaweka mdomo wa chupa kwenye mdomo wa mtoto, akabonyeza, akamwambia avute. Akarudia. Nilishika mguu wa mwanangu kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. Taratibu mabega yakaanza kushuka. Akaomba maji. Sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho, na mimi nililia kuisikia.

Ndipo muuguzi akauliza tumempa nini nyumbani. Mimi nilitaka kusema hatujampa kitu, maana nilijua namna watu wanavyogombezwa. Mama mkwe alinitangulia. Alitaja kimoja kimoja, asali, magome, mvuke, mayai, na kila kimoja alisema kilifanya nini. Muuguzi alisikiliza bila kukunja uso. Alisema asali si mbaya kwa kikohozi cha mtoto wa umri ule, mvuke na moshi visimkaribie, mayai ni chakula, yaliwe yakiwa yameiva. Magome asingeyatolea ushahidi kwa kuwa hayajui. Pampu tusikae bila kuwa nayo, na siku kifua kikibana hivi tusisubiri kujaribu kitu kingine chochote.

Kisha akauliza, "Anapokuwa kwa bibi yake, inakuwaje?"

Tukamweleza. Mwaka uliotangulia, tulipokuwa tunahama, mtoto alikaa Kisaka msimu mzima wa mavuno. Alikimbia na mbuzi, alipanda mipera, alirudi amenenepa. Kifua hakikulia hata mara moja. Muuguzi akauliza kwetu kuna nini ambacho Kisaka hakipo. Mama mkwe alishika ncha ya kitenge changu, akakikung'uta kidogo, na vumbi jeupe likaanguka kwenye sakafu safi ya kituo.

Jioni nilimwambia mume wangu mawe yatoke uani. Hakuwa mtu mbaya, alimpenda binti yake, lakini aliona ninamwambia auze mkono wake. Alisema mawe yakipelekwa kupondwa mwaloni yataibwa. Alisema wenzake hawatakubali. Alisema tumpe mtoto pampu na tufunge madirisha. Nikamwambia kwamba kama mawe hayatoki nitatoka mimi na mtoto, narudi Turwa, na nilisema hivyo bila kupandisha sauti kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Alizima taa, akageukia ukutani.

Asubuhi wenzake walifika kama kawaida na nyundo zao. Walikuta mama mkwe wangu amekaa juu ya rundo la mawe. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na mapajani ana ungo wa maharage anayachambua. Wakamwamkia mmoja mmoja. Aliwaitikia wote vizuri, akauliza habari za wake zao na watoto wao. Hakuinuka.

Wakasimama. Hakuna mwanaume wa kule ambaye angemgusa mama wa mwenzake ili amsogeze. Mmoja alikohoa, akasema, "Mama, tunaomba tufanye kazi."

"Fanyeni," alisema. "Nani amewazuia?"

Mume wangu alitoka ndani. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Mama mkwe hakumgombeza. Alimwambia kwa lugha ya kwao, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wenzake waelewe, maana wengine walikuwa wageni.

"Nilikuzaa wewe ukiwa na pumzi. Huyu naye mpe yake. Mimi nitakaa hapa mpaka mkokoteni uje."

Nilidhani mume wangu atakasirika. Alikaa kwenye kizingiti, akashika kichwa, na alipokiinua nikaona anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa na mtu ambaye haoni aibu kushindwa naye. Akamtuma mmoja wa wenzake akatafute mkokoteni wa ng'ombe. Mama mkwe alikuwa amemaliza maharage na ameanza kuyachambua upya ulipofika. Aliondoka juu ya mawe walipoanza kupakia upande mwingine, akawapikia wote yale maharage.

Walijenga kibanda karibu na mwalo, wakawa wanalala pale kwa zamu kulinda. Kazi haikufa. Mimi nilimwaga maji uani na kuta nikazisugua, na kila siku nilideki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Nguo za kazi za mume wangu zilibaki kibandani, na aliingia ndani akiwa ameshaoga. Kifua cha mtoto hakikupona kama watu wanavyopenda kusimulia. Mvua za kwanza kilibana, mafua yalipompata kilibana. Lakini filimbi ya kila wiki iliondoka, na pampu ilipohitajika ilikuwapo, kwenye msumari karibu na mlango. Wifi naye soko la mayai lilimwangukia. Akatuletea kwale wenyewe, tukawakaanga.

Duara lilipojaa maji tulirudi Turwa. Binti yangu sasa ananizidi urefu na anasoma sekondari ya bweni. Pampu yake anaitunza mwenyewe, wala haoni haya kuitumia mbele ya watu.

Hapa mtaani wanajua habari yake. Juzi mama mmoja jirani, mtoto wake anakohoa tangu mavuno, alikuja kuniuliza ni mti gani nilimpa binti yangu, akasema yuko tayari kuufuata hata Kisaka. Nilimuuliza kama amempeleka hospitali, akasema bado. Nikavaa kandambili, nikamwambia kesho asubuhi tutakwenda wote, ila leo anionyeshe kwanza mtoto analala wapi. Kilikuwa chumba kimoja, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka miguuni mwa kitanda. Tukalishika yeye upande huu na mimi upande ule, tukalitoa nje.