Steringi Halii

Wiki iliyopita nilikwenda Kibiti kumjulia hali baba, na mpwa wangu akanionyesha filamu moja ya Kihindi kwenye simu. Niliitambua mara moja. Niliiona nikiwa na miaka kumi katika banda la video la Ikwiriri, tumebanana kwenye jamvi, mihogo ya kukaanga mikononi, jenereta likinguruma nyuma. Lakini kwenye simu ile steringi, yule shujaa wa filamu, alilia. Alilia kaburini kwa mdogo wake, kamasi zikimtoka, dakika nzima. Sehemu hiyo sikuwahi kuiona.

Sababu ni mtafsiri wetu. Bila shaka nawe ulikuwa na wako: anashika kipaza sauti, anawasemea watu wote wa kwenye filamu, mdomo haukauki. Wetu alikuwa na desturi yake. Mwanamume akianza kulia tu, alipeleka mkanda mbele na kutangaza, "Steringi halii. Twendeni kwenye ngumi." Tulishangilia. Maneno yake tuliyaamini kuliko ya mwalimu wa madrasa.

Mwaka huo mto ulijaa kabla ya mavuno. Shamba letu la Chumbi lilikwenda na maji, mpunga umeshaiva, pamoja na dungu letu, kile kibanda cha juu ya miti tulicholala tukifukuza nguruwe. Baba alirudi ameloa hadi kifuani. Akakaa karibu na mafiga, mama akampa chai ya mchaichai, na kikombe kikiwa mkononi akaanza kulia. Niliona aibu, tena niliogopa. Nikamwambia, "Baba, steringi halii."

Mama alinikemea. Baba alijifuta uso kwa kanga ya mama, akacheka kidogo, akasema, "Kweli, mwanangu." Tangu hapo sijaliona chozi lake. Hata mwaka jana tulipomzika mama, alihangaika na majamvi na maji ya wageni mpaka watu wakamsifu. Mimi nililia chooni, mlango nimeufunga.

Banda lilishabomolewa, na mtafsiri alihama zamani. Ningependa kumlaumu yeye, ila kwa baba neno lile nililisema mimi.

Siku ya kuondoka nilimwuliza baba kama upweke unamsumbua. "Mimi mzima, mwanangu," akajibu, akaniombea safari njema. Shangazi, anayeishi naye, ndiye aliyenisindikiza stendi.

"Baba yako hulia sana," akaniambia njiani. "Ila husubiri kwanza wewe uondoke."