Dizeli Waliyomchagulia Mama

Rafiki yangu, Jumamosi iliyopita nilienda kununua gari, nikarudi nimewakasirikia watu ambao wengi wao hawapo tena duniani.

Yadi yenyewe iko Ngong Road, ukishapita Adams Arcade kidogo. Nilienda na kaka yangu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilimwuliza muuzaji swali rahisi tu: kati ya ile nyeupe ya petroli na ile ya kijivu ya dizeli, ipi itanifaa mimi ninayepeleka watoto shule kisha naingia mjini kazini? Muuzaji akamgeukia kaka. "Bro, kama ni gari ya familia, chukua dizeli. Hii kitu inavuta, hailalamiki." Kaka akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa, akampigia mekanika wake. Mekanika akasema petroli. Kaka akabisha, muuzaji akaomba simu amweleweshe mekanika, na mimi mwenye gari nikabaki nimeshika mkoba. Halafu muuzaji akaiwasha ile ya kijivu ili kaka asikie injini. Harufu ya dizeli iliponifika puani, nikawa tena na miaka tisa, niko Dagoretti, nimeshika birika la maji ya moto asubuhi ya baridi ya Julai.

Dagoretti ya wakati huo uliijua kwa pua kwanza. Ng'ombe walipita mapema wakielekea kichinjioni, na upepo ukigeuka, ulipata moshi wa vichwa na miguu ya mbuzi ikichomwa manyoya. Kwetu kulikuwa na ua mdogo, kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na cherehani ya mama chini ya dirisha la sebuleni. Mama alishona sare za shule. Sisi tulifanya hesabu zetu za nyumbani tukisikia cherehani, tukala nduma na chai tukisikia cherehani, na ikinyamaza tuliinua vichwa kuuliza kuna nini. Kila Alhamisi alienda River Road kununua kitambaa. Alirudi na majora mawili mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso, jinsi wanawake wa kwetu walivyobeba kuni. Alipoitua mizigo, alama ya kamba ilibaki kwenye paji hadi wakati wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo baba na mama walipochanga pamoja wanunue gari, mama alijua analitakia nini. Akajiandikisha shule ya udereva mjini, akajifunzia kwenye kigari kidogo cha petroli, akapita mtihani mara ya kwanza. Siku aliyoleta leseni alitupikia chapati, na haikuwa Krismasi. "Gari likija," akatuambia, "Alhamisi nitakuwa naenda mwenyewe." Tukapiga makofi.

Sasa, baba alikuwa mtu mzuri. Ulikumbuke hilo, kwa sababu naanza kumsema. Baba hakuweza kununua hata ndoo bila kuita kikao. Kila Jumapili baada ya kanisa, sebule yetu ilijaa wataalamu wawili: jirani aliyewahi kuendesha lori, na mzee wa kanisa ambaye hakuwa na gari wala baiskeli. Walikaa juu ya vitambaa vya viti alivyofuma mama, wakanywa chai ya mama, na kwa wiki sita wakajadili petroli na dizeli kana kwamba nchi inasubiri uamuzi wao.

"Dizeli inaenda mpaka Busia bila kuuliza swali," jirani alisema kila Jumapili. Sisi hatukuwa na mtu Busia. Safari yetu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kwa nyanya, Limuru, na hata huko tulienda Desemba tu.

Jumapili moja mama alisimama na birika mkononi, akasema, "Mimi ningependa petroli. Ile niliyojifunzia ilikuwa nyepesi, na inawaka mara moja."

Mzee wa kanisa akamtabasamia vile watu humtabasamia mtoto aliyekariri mstari wa Biblia. "Mama, petroli ni ya watu wa maofisi," akasema.

"Mama watoto," baba akasema kwa upole, "hebu tuongezee chai."

Chai ikaongezwa. Hakuna aliyemwuliza tena.

Gari likaja: refu, rangi ya maziwa, linanguruma kama kinu cha posho. Dizeli, bila shaka. Ulizungusha ufunguo nusu, ukangoja taa ndogo ya manjano izime, ndiyo ujue injini imepata joto la kutosha kuwaka. Mwezi wa Julai taa ilizima na injini ikagoma vilevile. Hapo sisi watoto tuliitwa na birika, baba akafungua boneti, akafunga tambara juu ya bomba moja, nami nikamwagia maji ya moto taratibu huku vidole vikiganda. Jirani alitokea na mswaki mdomoni kutuelekeza. Likishawaka, liliachwa lingurume robo saa, moshi ukijaa ua, na mama akikimbia kuanua nguo. Nilichelewa shule mara ngapi kwa sababu ya gari lililonunuliwa ili tusichelewe? Mwalimu hakuniamini hata mara moja.

Mama alijaribu kuliendesha siku moja tu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alivaa viatu vya chini, akaweka leseni mfukoni, akaingia. Kiti kilikuwa kimekwama nyuma, kwa hiyo akaegemea mto wa sebuleni ili miguu ifike. Baba, jirani na mzee wa kanisa wakasimama langoni, kila mmoja amejaa ujuaji. Klachi ilikuwa ngumu. Gari likaruka, likazimika. Akangoja taa. Likazimika tena.

"Wachilia pole pole!"

"Apana, mama, ongeza moto kwanza!"

"Kanyaga mafuta!" jirani akapaza sauti. "Kanyaga kabisa!"

Mama akakanyaga. Nyuma ya gari, kwenye kamba, yalining'inia mashati meupe ya shule nzima, yamefuliwa tayari kupigwa pasi, na shule inafunguliwa Jumatatu. Moshi mweusi ulitoka wote kwa pamoja. Ulipotawanyika, mashati yalikuwa na madoa ya masizi tangu kola hadi chini.

Wakacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa mtoto, najua, lakini sijajisamehe. Baba akamshika mama bega akamwambia, na yeye alidhani anamfariji, "Si nilisema hii ni gari ya wanaume?"

Jumapili hiyo mama hakuenda kanisani. Alifua mashati yote upya kwa mikono, na hakuketi tena nyuma ya usukani wa gari lile.

Na nikwambie kinachonichoma zaidi. Gari lilibeba kila mtu. Lilibeba kwaya, magunia ya viazi, mabibi harusi wawili, mbuzi wa mahari, na mzee wa kanisa alibebwa hadi mlangoni pake kila Jumapili. Lakini ikifika Alhamisi, baba yuko nalo kazini, au jirani amelala chini yake na spana. Mama akaendelea kwenda River Road kwa miguu yake, akarudi na majora mgongoni. Akipita langoni hivyo jioni, wao wako pale pale, wanalisifu. "Dizeli haichoki," wanasema. Hakuna aliyeinuka kumpokea mzigo.

Basi pale yadini nilimwambia kaka akate simu.

"Nachukua ya petroli."

"Lakini sister, dizeli ukienda safari..."

"Nani anaenda safari? Mimi naenda kazini!"

Akakata simu. Muuzaji akajifanya anatafuta karatasi. Mkataba nilisoma mwenyewe, nikatia sahihi.

Kesho yake nikaenda nalo Dagoretti. Nyumba yetu ilibomolewa zamani, pamesimama fleti za ghorofa tano, na mama anakaa chumba cha chini. Ng'ombe hawapiti tena. Baba alifariki, jirani akamfuata, mzee wa kanisa naye. Lile gari la rangi ya maziwa liliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Cherehani mama aliiacha, anasema macho yamechoka. Haya yote niliyajua, lakini hasira ilikuwa imenijaa na nilitaka kurekebisha kitu kimoja, siku hiyo hiyo.

Nikamfungulia mlango wa dereva. Mama akacheka, akakataa, kisha akaingia. Nilikisogeza kiti mbele hadi miguu ikafika. Akashika usukani kwa mikono miwili. Nikamwonyesha kitufe, akabonyeza, na injini ikawaka kimya kimya hivi kwamba ilibidi nimwambie imewaka.

"Twende basi," nikasema, nikiwa nimekaa kando yake. "Tutoke nje tu, tuzunguke turudi. Hakuna mtu wa kutupigia kelele."

Mama akainamia kioo cha mbele, akakaza macho.

"Lango liko wapi?" akaniuliza.

Lango lilikuwa mbele yetu kabisa, hatua kumi hivi, limepakwa rangi nyekundu, na lilikuwa wazi.