Mdomo Uliokula Samaki

Nilisikia mafuta yakichachatika kabla sijaingia jikoni. Dada yangu, aliyerudi Garissa kutoka kazi ya upishi Uarabuni, alikuwa anakaanga samaki wa Mto Tana kwa tangawizi na sosi ya soya, kama alivyofundishwa huko na mpishi mwenzake Mfilipino. Kiangazi hicho mbuzi wa sokoni walikuwa wamekonda wakabaki ngozi na mifupa. Baba alikuwa amefika kutoka Hulugho baada ya ng'ombe wake wa mwisho kufa, na tangu aje alikunywa chai tu.

"Aabo, onja," dada alimwambia baba. "Miiba nimeitoa yote."

"Ujanani tuliwatukana wavuvi," baba alisema. "Tuliwaambia, usinisemeshe kwa mdomo uliokula samaki."

"Wewe kula. Tutaongea ukishapiga mswaki."

Baba alicheka kidogo. Alichukua kipande, akatafuna taratibu, kisha akamaliza sahani nzima. Dada alinitazama kwa furaha.

"Ni mtamu," baba alisema. "Ndicho chakula cha mtu asiye na mifugo."

Alinawa mikono, akaiacha fimbo yake ya kuchungia, ambayo hakuwahi kutoka bila kuishika, imeegemea ukutani, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.