Miguu ya Mjane

Sabato ya kwanza ya kutawadhana miguu tangu makanisa yafunguliwe tena hapa Nyamira, akina mama walijigawa wawili wawili upesi. Mjane mmoja, ambaye mumewe alikufa kwa korona, alibaki peke yake na beseni lake. Macho yote yaliinama sakafuni. Bwana alimtawadha hata Yuda. Sisi tulishindwa kumtawadha mjane.

“Akina dada,” akasema, “nilipimwa, sina kitu. Ama niende nyumbani?”

Mwimbaji mmoja wa kwaya akapiga magoti mbele yake. “Naogopa, mama. Lakini lete miguu.”

Imeandikwa kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Pendo nililoliona Sabato hiyo liliogopa, likaosha hadi katikati ya vidole.