Sakafu ya Lori la Mama Kulwa

Nakumbuka siku niliyoshuka stesheni ya Isaka, miaka ya sabini, miguu imevimba kwa kukalia sanduku la mtu njia nzima. Nilikuwa nimetoka Lindi kwa basi hadi Dar es Salaam, nikapanda treni mpaka Tabora, nikabadilisha ya Mwanza, na nauli ikaniishia hapo. Nilikuwa nakwenda Geita, kwenye dhahabu. Mwanangu, wakati ule sikuweza kukaa mahali. Hata leo, na miaka yangu sitini na kitu, nikisikia honi ya treni natafuta begi.

Lori la chumvi likanifikisha Kahama. Pale Nyahanga, Mzee Masanja, fundi wa bodi, akanichukua nimsaidie kazi moja tu: lori la Mama Kulwa, mjane, lililokaa uani tangu mumewe afariki. Injini ilikuwa nzima, lakini kutu ilikuwa imekula milango, madigadi na sakafu. Shemeji yake alitaka liuzwe chuma chakavu. Wazee wa ukoo wakaamua: msimu wa pamba ukianza na lori linatembea, ni la mama, la sivyo linauzwa.

Bati jipya halikupatikana siku hizo. Tulipasua mapipa ya lami, tukayachoma moto, tukayanyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Mzee aliniagiza nikate kutu yote mpaka nikute chuma kinachong'aa, ndipo tuchomelee. Akaniachia sakafu, akaenda kutafuta gesi.

Hapo nikakosea. Dereva mmoja aliniahidi kunipeleka Geita Jumamosi, nami nilitaka niwe nimemaliza. Sikukata kitu. Nilibandika gunia lililolowekwa lami juu ya matundu, nikapaka rangi. Ilipendeza, sikudanganyi.

Jumamosi shemeji akaja na mnunuzi wake. Akalizunguka lori, akacheka. "Shemeji, hili ni lori au chujio?"

"Ni chujio lililokusomeshea wanao," Mama Kulwa akamjibu. Akafungua mlango, akapanda kwa maringo. Mguu wake ukazama sakafuni mpaka gotini.

Aliutoa mguu, damu ikimtiririka kwenye muundi, akaketi kitini kana kwamba hakuna kilichotokea, akamwambia shemeji kuwa msimu bado haujaanza. Mzee Masanja akainama, akalichuna lile gunia, akaniangalia.

"Dereva wako yuko barabarani. Nenda. Mtu wa kufunika matundu simhitaji."

Kuondoka nilikuwa nimekuzoea. Shuleni niliondoka, nyumbani niliondoka, kila nilipoharibu niliondoka. Siku ile nikakataa.

"Siendi, Mzee. Utanifukuza kesho, sakafu ikiisha."

"Kesho?"

"Basi keshokutwa."

Dereva alipiga honi mara tatu, akaenda zake. Nikachukua tindo, nikaanza kukata mbele yao wote, shemeji akinihesabia matundu kwa sauti. Kila asubuhi Mama Kulwa alikuja na mguu wake uliofungwa kitambaa, akakaa juu ya pipa, akidai aone chuma kinang'aa. Siku ya nne aliona. Msimu ulipofunguliwa, lori likabeba pamba, na ya shemeji ikiwemo. Hakusema tena neno chujio.

Sasa sikia, mwanangu. Wakikuambia kitu chako kimekufa, usiwaamini mpaka ukigonge mwenyewe. Ukiharibu, kataa kukimbia. Wacheke, wakufukuze, wewe kata ulichoficha mbele ya macho yao. Ukimaliza, nenda unakotaka kwa kifua mbele.

Mimi niliondoka Nyahanga moja kwa moja baada ya misimu miwili, ndani ya lori lilelile, kuelekea Geita. Kabla ya kuketi niliikanyaga sakafu kwa nguvu, mara mbili. Mama Kulwa, akiwa amesimama nje ya dirisha la lori, akacheka, akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Kanyaga tu, ng'wanawane. Mwenzio napanda kila siku."

Nami nakuombea hivyo, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kwenda mbali, na kila utakapokanyaga pakubebe.